Kambi ya Likizo Tuwape Darasa la Pili

Shule za msingi zikifunga mwanzoni mwa Juni, darasa la saba huwa halifungi. Katika mitaa mingi ya Mwanza huanza kambi: wazazi wanachangishwa unga na maharage, watoto wanapigishwa mitihani ya majaribio, kwa kuwa mtihani wa taifa ni Septemba. Serikali imekataza masomo ya likizo zaidi ya mara moja, na kambi zimerudi kwa majina mengine. Sina ugomvi nazo. Ninachosema ni kwamba nguvu yote hiyo inakwenda kwa mtoto ambaye likizo haimwumizi sana, na anayeumia anaachwa mwaloni, kando ya ziwa, akianika dagaa.

Huyo ni mtoto wa darasa la kwanza na la pili. Anaanza na irabu, anakwenda kwenye ba be bi bo bu, anaunganisha kaka na dada, kisha anakutana na silabi changamano, na hapo mambo hugeuka. Mpe kitabu mmoja wa watoto hao pale mwalo wa Kirumba, mikono bado ina magamba ya dagaa. Atapita vizuri kwenye "baba" na "samaki", kidole chini ya kila silabi. Akifika "ng'ombe" anasimama. "Nywele" ataikisia kwa kutazama picha. Huyu hajashindwa kusoma, yumo katikati ya safari. Kila silabi inamla nguvu, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Stadi iliyo katika hali hiyo hudumu kwa kurudiwa kila siku, na mwezi mzima bila kitabu unatosha kuirudisha nyuma. Wa darasa la saba anayesoma kwa ufasaha hawezi hata kujizuia: atasoma maandishi ya daladala, gazeti lililofungia maandazi, bango la mgombea.

Pana pia suala la lugha. Mtoto wa Magu au Kwimba akifunga shule anarudi kwenye Kisukuma asubuhi hadi usiku, na wa Ukara kwenye Kikara. Hilo ni jema, nisieleweke vibaya. Ila kitabu chake kimeandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kinaishi shuleni.

Marekani walianza kupima jambo hili zamani. Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti 39 mwaka 1996, wakaona likizo ndefu ya kiangazi humrudisha mwanafunzi nyuma kwa kadiri ya mwezi mmoja wa masomo, hesabu na tahajia zikiathirika zaidi. Katika kusoma, watoto wa familia maskini walishuka huku wenye nafuu wakisimama palepale au kupanda kidogo. Watafiti waliofuatilia watoto wa Baltimore kuanzia 1982 walieleza kwa mfano wa bomba: shule ikiwa wazi maji yanawafikia wote, ikifungwa anabaki na maji mwenye simtanki nyumbani. Siku hizi wapo wanaobisha, wakisema sehemu ya pengo hilo ilitokana na namna mitihani ilivyopimwa. Wabishane. Kwetu ushahidi wa karibu zaidi ni wa Malawi, ambako utafiti uliotolewa 2017 ulionyesha kuwa watoto wa madarasa ya chini waliporudi kutoka likizo ndefu walisoma vibaya kuliko walivyoacha.

Mzazi hapa halaumiki. Juni ni msimu wa kuchuma pamba, na jua kali la kiangazi ndilo linalokausha dagaa kwenye vichanja na mchangani. Mkono wa mtoto unahitajika. Tena kazi hiyo ina hesabu ndani yake: sado tatu kwa bei fulani, chenji ya elfu kumi, na mtoto anaitoa kichwani kabla mteja hajafungua pochi. Watafiti wa Brazili walilikuta jambo hilohilo Recife mwaka 1985. Watoto wachuuzi walipatia karibu hesabu zote za sokoni, lakini zilipoandikwa kwa alama kwenye karatasi wakapatia chini ya nusu. Kwa hiyo zoezi zuri la likizo kwa mtoto wa mwaloni ni kuandika daftarini mauzo aliyokwisha kuyapiga kichwani.

Sasa, kambi ya hawa wadogo iwe lini? Jibu analo mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa taa haivuti kitu, hivyo mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Vichanja vinakuwa vitupu na watoto wanazurura. Hizo ndizo siku za kambi, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi, basi. Jimbo la Bihar nchini India lilifanya kambi ya mwezi mmoja Juni 2008, watoto wakipangwa kwa kile wanachoweza kusoma badala ya darasa walilomo, na kusoma kukapanda. Wa kufundisha tunao: kila kijiji kina vijana waliomaliza kidato cha nne na wanasubiri.

Kwa walio mbali, visiwani Ukerewe au Kome, simu ya kitochi inaweza kusaidia. Shule zilipofungwa kwa korona mwaka 2020, Botswana walituma maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi na kumpigia mzazi kwa dakika kama 20 kwa wiki, mtoto akiwa pembeni. Ujumbe peke yake haukuleta mengi, ila ulipoambatana na simu hesabu zilipanda.

Linabaki la vitabu. Shule nyingi huvifungia stoo likizo nzima, kwa hofu ya mwalimu mkuu kwamba vikipotea atajieleza kwa mkaguzi. Hofu yake ni ya haki, kwa hiyo aondolewe hofu hiyo: kamati ya shule iandike kwenye muhtasari kwamba vitabu vya darasa la kwanza na la pili vitaazimwa Juni, mzazi atie sahihi au dole gumba, na vitakavyopotea vihesabiwe kama chaki iliyokwisha.