Kutoka Uwanja wa Ndege: Si Kila Msafiri Aende Mjini

Ndugu wanachama,

Katika kurasa hizi tumezoea kuandikiana habari za uchumaji, uanikaji na bei ya karafuu. Mara hii naomba ruhusa yenu niandike juu ya safari. Wengi wetu siku hizi tuna watoto na ndugu bara, na liko kosa moja nililolifanya mimi, katibu wenu, ambalo sipendi mtu mwingine alirudie.

Mwanachama wetu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa na kijana wake akifanya kazi katika mashamba ya miwa huko Sanje, bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha ilikuja simu kwamba kijana amefariki. Jamaa wa huko wakasema, "Tutamzika kesho baada ya Alasiri. Tutamngoja baba yake kadiri tutakavyoweza." Mzee akaja kwangu akaniuliza, "Katibu, wewe umesoma na umetembea. Nipite wapi?" Nikamjibu upesi bila ya kufikiri: "Panda ndege ya asubuhi. Ukishuka Dar es Salaam chukua teksi ikupeleke mjini. Mjini hapakosi gari ya kila mahali."

Mzee alifuata maneno yangu kama yalivyo. Ndege ikashuka Dar es Salaam saa 2 na nusu asubuhi. Teksi ikamchukua mpaka Posta, katikati ya mji, na kwa msongamano wa magari wa asubuhi akafika saa 4. Pale akaulizia gari ya Ifakara, maana ndiyo ipitayo Sanje, akaambiwa, "Mzee, mabasi ya bara hayapo hapa, yapo Mbezi." Akatafuta gari ya Mbezi, akafika saa 6. Mabasi ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kuondoka. Ilimbidi apande la Morogoro, na Morogoro atafute jingine. Alifika Sanje saa 4 ya usiku. Mwanawe alikuwa amezikwa tangu saa 11 na nusu jioni.

Wala siwezi kuapa kwamba angewahi. Safari ni safari, na ajali ya mtu iko kwa Mungu. Lakini saa tatu na nusu alizozimaliza ndani ya Dar es Salaam nimezihesabu, na zaidi ya nusu yake ni zangu mimi niliyemwelekeza vibaya. Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Ndiye aliyeniruhusu kuandika haya, mradi nisimtaje jina.

KOSA LILIKUWA WAPI

Sisi wa Pemba tumezoea uwanja wetu. Mtu akishuka, barabara inampeleka Chake Chake, na akifika Chake ndipo anapoamua kama anakwenda Wete au Mkoani. Kwa hiyo katika fikira zetu uwanja wa ndege ni mlango, na mji ni ukumbi. Lazima upite ukumbini ndipo uingie chumba unachokitaka.

Tena maneno niliyomwambia mzee niliyarithi kwa wakubwa wangu. Zamani yalikuwa kweli, kwani mabasi ya bara yakiondokea Kisutu na Mnazi Mmoja, katikati ya mji. Baadaye yakahamishiwa Ubungo, na mwaka 2021 ikafunguliwa stendi kubwa ya Magufuli huko Mbezi Luis, nje kabisa katika Barabara ya Morogoro. Stendi imehama mara mbili, na maneno yetu hayakuhama.

Basi jambo la kwanza msafiri alilolazimika kujiuliza, kabla ya kuuliza "Gari ya mjini iko wapi?", ni hili: "Je, safari yangu inapita mjini?" Ikiwa unakwenda hospitali, au ofisi ya serikali, au kuteremkia bandarini kwa boti ya Unguja, ndiyo, inapita. Ikiwa unakwenda Sanje, Ifakara, Morogoro au Iringa kwa basi, haipiti.

NJIA ZILIVYO

Uwanja wa Julius Nyerere uko kama kilomita 12 kutoka katikati ya Dar es Salaam, kandokando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Pugu Road. Ikamateni barabara hii akilini, maana yote nitakayoyasema yanatokana nayo. Ukitoka uwanjani, upande mmoja ni mjini, na upande wa pili ni Gongo la Mboto na Pugu. Ukielekea mjini, kabla ya kufika unakuta makutano ya TAZARA, penye daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018. Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Ukienda moja kwa moja unaingia mjini. Ukikata kushoto kwa Barabara ya Mandela unapita Buguruni, unatokea Ubungo, na kutoka Ubungo unashika Barabara ya Morogoro mpaka Mbezi.

Kwa hiyo anayekwenda Mbezi na kumwambia dereva "Nipeleke mjini" ni sawa na mtu wa Chake anayetaka kwenda Wete, naye akaanza kwa kwenda Mkoani.

Vyombo vya kumtoa mtu uwanjani ni hivi.

Kwanza, teksi ya uwanjani. Inakungoja mlangoni, nayo yamfaa mgonjwa, mzee, mwenye mizigo na anayefika usiku. Bei ni ya mapatano. Mapatano hayo yafanywe kabla mzigo haujaingia garini, na mtaje mahali hasa mnapokwenda: "Stendi ya Magufuli, Mbezi," si "Stendi" tu. Mji ule una stendi nyingi kuliko misikiti ya Wete.

Pili, gari inayoitwa kwa simu. Bei yake unaionyeshwa kabla ya kupanda, na hilo ni jambo jema kwa mtu asiyejua kupatana. Lakini inataka simu yenye intaneti na mtu anayeweza kuitumia. Kijana wako aliye Dar anaweza kukuitia kutoka hukohuko aliko, ukamwambia umesimama mlango gani.

Tatu, daladala. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa bei. Jina lake, kama mjuavyo, limetokana na "dala," yaani sarafu ya shilingi tano, nauli ya siku zile magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kuchukua abiria katika miaka ya 1980. Nauli zake hupangwa na LATRA, iliyoshika mahali pa SUMATRA mwaka 2019, kwa hiyo hapana kupatana. Daladala haiingii mlangoni mwa uwanja. Utatoka kwa miguu mpaka barabara kuu. Hapo msikilize utingo: akiita "Posta" au "Kariakoo" anakwenda mjini. Wewe wa Mbezi tafuta anayepita Barabara ya Mandela kuelekea Ubungo, kisha ubadilishe. Inamfaa kijana asiye na mzigo na asiyekimbizana na saa.

Nne, bajaji na bodaboda. Kwa mwendo mfupi, kama kutoka uwanjani mpaka stesheni ya TAZARA, bajaji inatosha. Bodaboda yenye mzigo katika barabara ile sikushauri hata kidogo.

HABARI ZA RELI

Hapa napo pana la kuangalia, kwa sababu Dar es Salaam ina reli mbili na stesheni zake hazikukaa pamoja.

Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni yake katika Barabara ya Nyerere, kabla hujafika mjini. Njia yake hukata bonde la Kilombero, ikapita Mang'ula na Ifakara, na Mang'ula ni kama kilomita 10 tu kutoka Sanje. Kwa ramani ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote. Lakini treni ya abiria haiendi kila siku, basi usiondoke nyumbani kabla ya kupiga simu stesheni.

Treni ya umeme, gari la moshi lisilo na moshi, ilianza kwenda Morogoro mwezi wa Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Stesheni yake kubwa iko katikati ya mji, si mbali na bandari. Kwa hiyo inamfaa sana anayekuja kwa boti. Anayekuja kwa ndege anaweza kwenda kuipandia Pugu, upande wa pili wa uwanja, asiguse mji kabisa. Ila si kila treni inasimama Pugu, na jambo hilo liulizwe wakati wa kukata tiketi. Tena mkishuka Morogoro mjue kwamba stesheni iko Kihonda na mabasi yako Msamvu. Lile swali letu linarudi palepale.

SAFARI YA PILI

Arobaini ya marehemu ilipofika, mzee alitaka kwenda kusoma hitima penye kaburi la mwanawe, nami nikaona haya ni deni langu. Tukaenda pamoja. Tulishuka saa ileile ya 2 na nusu. Tukapatana na dereva mpaka Mbezi, tukakata kushoto pale TAZARA, na mji wa Dar es Salaam hatukuuona hata mnara wake mmoja. Saa 4 kasorobo tulikuwa stendi, na tiketi za Ifakara mkononi. Tukapita Morogoro, tukavuka mbuga ya Mikumi, ambamo dereva hulazimika kwenda polepole kwa ajili ya wanyama, tukaiacha njia kuu pale Mikumi mjini, tukashika ya Kidatu. Lami sasa inafika Ifakara. Tuliteremka Sanje saa 11 kasorobo jioni.

Mzee aliitazama saa yake, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kisha akasema, "Twende kwanza makaburini, jua halijazama."

Asubuhi yake jirani mmoja, mkulima wa miwa, alitueleza kwamba mua ukishakatwa haungoji. Usipofika kiwandani upesi, sukari yake inapungua. Mzee akamjibu kwamba hata karafuu ni hivyohivyo. Karafuu njema ikilazwa chunguni huwa mpeta kabla haijaliona jamvi. Nikafikiri moyoni kwamba na safari ni hivyo. Ile ya ndege haikuwa na kasoro. Iliyoharibika ni ile kati ya uwanja na stendi, ambayo hakuna aliyeifikiria.

Kwa hiyo nawaombeni, ndugu wanachama, kila atakayesafiri apite ofisini kwetu, au apige simu. Tutamwandikia kwenye karatasi mambo matatu: mahali hasa anapokwenda baada ya uwanja, barabara atakayopitia, na jina na simu ya mtu atakayempokea. Karatasi hiyo amwonyeshe dereva, asitegemee maneno ya mdomo. Nami kabla ya kuandika nitauliza walioko huko kwanza, sitajibu tena kwa mazoea.

Wenu katika kazi,
Katibu