Binti akipata mimba, kliniki isije mwisho

Binti yuko kidato cha tatu. Amekosa siku zake miezi mitatu na mama ndiyo kwanza ashtuke. Katika nyumba nyingi hapa Unguja, mjini na mashamba, kitu cha kwanza ni kufunga mlango na kuteremsha sauti. Cha pili ni kumtafuta aliyehusika. Kliniki huja mwisho, pengine mimba ikiwa ya miezi saba.

Woga huu una asili yake, na sehemu yake iliandikwa kwenye sheria. Mwaka 1985 Zanzibar ilitunga sheria ya kuwalinda wari. Jina lilikuwa la ulinzi, lakini msichana aliye chini ya miaka 21, asiye na mume, akionekana na mimba aliweza kufungwa miaka 2 Chuo cha Mafunzo. Ushahidi wenyewe ni tumbo. Sasa mtu huyo angekwenda vipi kwa mkunga wa serikali kuandikisha jina?

Ilichukua miaka 20 kuliondoa hilo. Mwaka 2005 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 4, ya kuwalinda wari na watoto wa mzazi mmoja, na kifungo kwa mwanamke kikabadilishwa kuwa kazi za kuitumikia jamii. Afadhali, ingawa mimi bado naona ajabu kuiita adhabu ulinzi. Tangu 2010 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi skuli Zanzibar. Wenzetu wa Bara walisubiri hadi Novemba 2021.

Kisha ikaja Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011. Kwa sheria hiyo, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mzazi ana wajibu wa kumtunza na kumpatia matibabu. Mwenye miaka 16 na mimba yake bado ni mtoto, kwa hiyo ndani ya nyumba kuna watoto wawili wenye haki ya kuonwa na daktari. Sheria hii ilipewa tuzo ya kimataifa ya dhahabu mwaka 2015. Barazani kwetu, wangapi wanaijua?

Kinachotushinda ni muhali. Aliyempa mimba ni jirani, au mtoto wa shoga yake mama, basi wazee wanakaa, posa inaletwa haraka, na mambo yanafunikwa. Lakini nje ya ndoa, ridhaa ya msichana wa chini ya miaka 18 haihesabiki mbele ya sheria ya jinai. Hilo ni kosa, wala si jambo la wazee wawili kulimaliza kwa kahawa. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono tangu 2011, ambako daktari, polisi, ustawi wa jamii na mshauri hupatikana mahali pamoja, ili mtoto asizungushwe ofisi hii na ile akirudia maelezo yale yale.

Tukirudi kwenye afya, maana hapa ndipo siku zinapopotea. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Mama mwenye umri wa miaka 10 hadi 19 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko mwenye miaka 20 na kidogo. Kifafa hicho mara nyingi hutanguliwa na presha kupanda na protini kuonekana kwenye mkojo. Vyote viwili hupimwa kliniki kwa dakika chache. Binti aliyefichwa chumbani hapimwi. Akilalamika kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu au uso umevimba, msimpe panadoli mkangoja asubuhi. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Baadaye kuna suala la skuli, na ruhusa pekee haimrudishi mtu darasani. Kichanga kinatakiwa kinyonye maziwa ya mama pekee miezi 6. Kabla binti hajavaa tena sare, nyumba ikae iamue nani atabaki na mtoto kuanzia saa 1 asubuhi, maziwa yatakamuliwa saa ngapi, na yatawekwa wapi kwa joto letu hili.