Kipimo cha akili na mipaka yake

Kipimo cha akili cha kwanza kutumika kwa vitendo kilitengenezwa Paris mwaka 1905 na mwanasaikolojia Alfred Binet, akishirikiana na daktari Théodore Simon. Elimu ya msingi ilikuwa imeshafanywa ya lazima nchini Ufaransa, na madarasani wakaonekana watoto walioshindwa kabisa kwenda na wenzao. Wakuu wa elimu walitaka njia ya kuwatambua bila kutegemea neno la mwalimu peke yake, maana mwalimu aliyechoshwa na mtoto mtukutu angeweza kumwita mjinga ili aondolewe darasani. Binet aliandaa majaribio 30, kuanzia mepesi hadi magumu: kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka, kurudia tarakimu, kueleza nzi na kipepeo wanatofautianaje. Mwaka 1908 aliyapanga upya kwa umri. Mtoto wa miaka minane aliyeishia kwenye maswali ya watoto wa miaka sita alihesabiwa kuwa na umri wa akili wa miaka sita, na hivyo kuhitaji msaada. Kazi ya kipimo ilikuwa hiyo tu. Binet mwenyewe aliamini kuwa akili hunoleka, akabuni hata mazoezi ya kuinoa.

Namba moja ya jumla ilikuja baadaye. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri halisi. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akazidisha jibu mara 100. Siku hizi hesabu hiyo imeachwa. Alama za mtu hulinganishwa na za watu wa rika lake, wastani ukiwekwa 100, na takriban theluthi mbili ya watu huangukia kati ya 85 na 115. Kwa hiyo namba hiyo huonyesha mtu anasimama wapi miongoni mwa wenzake, basi.

Marekani haikuisoma hivyo. Ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lake liliwapima askari wapatao milioni 1.7. Wanaojua kusoma waliulizwa, pamoja na mengine, majina ya bidhaa za madukani na ya wachezaji wa besiboli. Wasiojua kusoma, au wasiojua Kiingereza, walipewa picha zenye kasoro wazikamilishe, mojawapo ikiwa uwanja wa tenisi usio na wavu. Mkulima aliyetoka kijiji cha Italia au Poland angeujulia wapi wavu wa tenisi? Mwaka 1923 mwanasaikolojia Carl Brigham alizitumia alama hizo kudai kuwa watu wa kaskazini mwa Ulaya wamezaliwa na akili zaidi. Takwimu zake zenyewe zilionyesha kuwa wahamiaji walioishi Marekani muda mrefu walipata alama za juu kuliko waliofika karibuni. Badala ya kukiri kwamba kipimo kilikuwa kikipima uzoefu wa maisha ya Marekani, alidai kuwa wahamiaji wapya ni wa daraja la chini. Aliyakana madai hayo mwaka 1930, wakati sheria ya 1924 ya kuwabana wahamiaji ilikuwa tayari inafanya kazi.

Swali la kama kipimo hupima akili au uzoefu limechunguzwa Afrika Mashariki kwa uangalifu zaidi. Huko Usenge, magharibi mwa Kenya, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliwauliza watoto kuhusu mitishamba inayotibu maradhi ya kawaida. Utafiti wao wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa waliojua dawa nyingi walielekea kupata alama ndogo kwenye majaribio ya kishule. Kutokujua mtoto ametumia wapi muda wake ni kusoma alama zake nusu tu. Karibu na Bagamoyo, Tanzania, watoto waliofundishwa kwa muda mfupi mbinu za kutatua maswali ya kipimo walipanda alama walipopimwa tena. Na wilayani Embu, Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 waliwazidi sana wale wa 1984 katika mafumbo ya michoro yasiyohitaji maneno. Urithi haubadiliki ndani ya miaka 14. Watafiti walitaja wazazi waliosoma zaidi, familia ndogo na lishe bora.

Hata hivyo, ni kosa kukitupa kipimo chote. Alama zake hutabiri matokeo ya shule vizuri kuliko vipimo vingi vya kisaikolojia, ingawa huacha sehemu kubwa ya tofauti baina ya wanafunzi bila maelezo. Daktari anayemhudumia mtu aliyepata kiharusi au kuumia kichwa hunufaika zaidi na alama za sehemu mbalimbali kuliko jumla yake: msamiati ukiwa imara huku kumbukumbu ya muda mfupi imeporomoka, anajua aanzie wapi.

Alama yenyewe pia huyumba. Mtu huyohuyo akipimwa tena anaweza kupanda au kushuka pointi kadhaa. Huko Florida jambo hilo liligusa uhai. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kuwapa adhabu ya kifo wenye ulemavu wa akili, lakini Florida ikaweka mstari kwenye alama 70: aliyeuvuka hakusikilizwa zaidi. Freddie Lee Hall, aliyehukumiwa kifo huko, alikuwa na 71. Mwaka 2014 majaji watano wa Mahakama Kuu hiyo dhidi ya wanne waliamua kuwa mstari huo ni kinyume cha Katiba, na kwamba mshtakiwa ambaye alama yake imo ndani ya kiwango cha makosa ya kipimo lazima aruhusiwe kuleta ushahidi wa jinsi anavyoyamudu maisha ya kila siku.