Hasi Tatu Kutoa Tano

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza: hasi tatu kutoa tano ni ngapi? Wengi watakujibu nane, tena bila kusita. Mwalimu wa tuisheni mwenye haraka atasema "kosa", ataandika hasi nane kwa wino mwekundu, watahamia swali la pili. Mtoto atanakili, ataitikia kwamba ameelewa, na wiki ijayo atakosa vilevile.

Nane ile ina asili yake. Darasani aliambiwa "hasi na hasi ni chanya", akaikariri, ila hakushika kwamba kanuni hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. Mwalimu hawezi kulijua hilo mpaka amwulize, "Umefikaje hapo?" kisha anyamaze na kusikiliza. Kunyamaza kwenyewe ni kazi. Walimu wengi hatuvumilii hata nusu dakika. Na swali hilo halina maana ikiwa mtoto anamwogopa anayeuliza. Atautazama uso wa mwalimu na kubahatisha jibu linaloweza kumridhisha.

Woga huo hakuuanzia kwenye tuisheni. Tangu Tanzania ianze kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne, mwaka 2016, madarasa mengi ya shule za serikali yamefurika, na mwalimu aliyezungukwa na watoto themanini hapati nafasi ya kumsikiliza mmoja mmoja. Halafu kuna lugha. Miaka yote ya shule ya msingi mtoto amejifunza sehemu, kiasi na asili kwa Kiswahili. Akiingia sekondari anayakuta mambo yaleyale kwa Kiingereza. Hesabu anaijua, swali halielewi. Akinyoosha mkono wenzake wanamcheka, basi anajifunza kutonyoosha.

Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake au na mwenzake mmoja au wawili, huku mwalimu akihakikisha ameelewa kabla ya kusonga mbele, aliwapita takriban asilimia 98 ya waliosoma katika darasa la kawaida. Tafiti zilizofuata zimekuta faida ndogo kuliko hiyo, ingawa faida ipo. Lakini Bloom hakuwa akizungumzia banda la tuisheni la mabati lenye vijana mia wanaopigiwa pindi kwa kipaza sauti. Huko mzazi analipia darasa la pili, lenye joto zaidi.

Kwa anayefundisha mtoto mmoja sebuleni, siku ya kwanza ni bora vitabu vikae kwenye mkoba. Amwombe mwanafunzi amweleze mada anayoipenda, hata kama ni ya somo jingine. Atasikia anavyopanga mawazo, na mtoto ataonja kuwa mjuzi mbele ya mwalimu. Likitokea swali linalomshinda mwalimu, aseme, "Hili silijui, tulitafute pamoja." Heshima haipungui, shikamoo ataipata kesho kama kawaida.

Ukaribu huo una mipaka, na hapa sioni sababu ya kuzungukazunguka. Kipindi kifanyike mahali ambapo watu wa nyumbani wanapita, mlango ukiwa wazi. Ujumbe wa ratiba uende kwa mzazi. Mwalimu anayechati na binti wa kidato cha tatu saa nne usiku hafundishi kitu.

Kinachoharibu uhusiano kimyakimya ni fedha. Mwalimu anayefundisha watoto walewale darasani asubuhi na kwa malipo jioni anajitia majaribuni: mada ngumu inaweza kusubiri jioni, na asiyelipa anajiona mgeni katika darasa lake mwenyewe. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ilipiga marufuku tuisheni za likizo, lakini tuisheni hazikuisha.

Hata mwalimu mwadilifu wa nyumbani ana mtihani wake. Akifanya kazi vizuri, mtoto ataanza kujisomea, na badala ya siku tatu kwa wiki itatosha moja. Anayelipwa kwa kipindi atauona ukweli huo ukimpunguzia kipato, na anaweza kuchelewa kuusema. Wazazi wangepatana naye mapema malipo ya muhula mzima, vipindi vipungue visipungue.