Kuingia Bila Viza Si Kuhamia

Msimu wa kahawa ukiisha na wakulima wakishalipwa na vyama vyao, najua swali litakalofika ofisini kwangu hapa Mbinga. Anayeuliza ni kijana ambaye hajawahi kuishi nje ya Tanzania, ametoka Lituhi, Liuli au Mbamba Bay, na uamuzi ameshaufanya: anahamia Malawi, Msumbiji, au Bondeni kwa maana ya Afrika Kusini. Anakaa, anaweka begi chini, anasema: "Wakili, si tuko SADC? Viza haitakiwi. Kibali cha nini tena?"

Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Safari hii naliandika, maana hasara ya jibu la vijiweni inawaangukia watu ninaowafahamu.

Kuondolewa viza kunamhusu mgeni. Malawi humpa Mtanzania siku 30 za kutembea, na anaweza kuomba ziongezwe mpaka 90. Afrika Kusini humpa siku 90 katika mwaka mzima. Ndani ya siku hizo utamjulia hali shangazi, utahudhuria harusi, utatazama soko. Kuajiriwa huruhusiwi, na kufungua genge pia huruhusiwi. Itifaki ya SADC ya kurahisisha watu kusafiri ilitiwa saini mwaka 2005 na haijaanza kutumika, kwa sababu nchi zilizoiridhia hazijatosha. Hata ingeanza kesho, inatoa siku 90 za mgeni kwa mwaka. Suala la kuishi linabaki kwenye sheria za nchi unayokwenda. Wengi wanaichanganya itifaki hiyo ya SADC na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza tarehe 1 Julai 2010. Anayehamia Nairobi ana pa kuanzia katika itifaki ya soko hilo. Anayehamia Nkhata Bay au Lichinga hana, kwa kuwa Malawi na Msumbiji si wanachama.

Nikifika hapo, kijana hutabasamu. Anayo dawa aliyouziwa: kugonga muhuri upya.

Dawa hii inauzwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutoka nje ya mpaka siku zikikaribia kwisha, kulala upande wa pili na kurudi kama mgeni mpya. Ya pili ni mbaya zaidi: mwenye pasi anabaki kazini, pasi inasafiri peke yake mfukoni mwa dereva au dalali, inagongwa, inarudi. Nimeambiwa mara nyingi kwamba "kila mtu anafanya hivyo". Ndiyo, na kila mtu huyo anaishi kwa kuomba asisimamishwe barabarani.

Tuanze na hesabu. Siku 90 za Afrika Kusini zinahesabiwa kwa mwaka. Ukizimaliza, hata ukitoka na kuingia mara kumi hazizaliwi nyingine. Ukizidisha muda kwa siku zisizozidi 30 unaweza kufungiwa miezi 12. Ukizidisha zaidi ya hapo, miaka 5. Kanuni hizo zipo tangu 2014, na jina lako hubaki kwenye kompyuta za mpakani hata ukipata pasi mpya.

Pasi inayosafiri bila mwenyewe ni kosa la jinai, wala usidanganywe kwamba ni njia ya mkato tu. Muhuri ule unasema ulikuwa mpakani siku ambayo mashahidi wote wanajua ulikuwa kazini. Mara nyingine muhuri wenyewe ni wa kuchonga, na hapo kesi inakuwa ya kughushi, na mshtakiwa ni wewe mwenye jina kwenye pasi. Siku utakapotaka kunyoosha mambo na kuomba kibali halali, ofisa atafungua kurasa hizo hizo, na atazisoma moja baada ya nyingine.

Kisha kuna jambo linaloniumiza kuliko sheria. Mwajiri anayejua kwamba huna kibali anajua pia kwamba huwezi kwenda polisi. Mishahara inacheleweshwa, inakatwa, inakoma. Vijana wa mwambao huu wa Ziwa Nyasa wamerudi mikono mitupu baada ya kufanya kazi kwa jasho halali kabisa, na hawakuwa na mahali pa kudai.

Wazee nao wananipinga: mbona babu zetu walivuka bila karatasi? Kuvuka walivuka. Ukoo mmoja una watu Liuli na watu Likoma, kisiwa cha Malawi, na kanisa la Kianglikana liliwaunganisha kabla mipaka haijakazwa. Lakini waliokwenda migodi ya Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililowaandikia migodi vibarua, walikwenda kwa mkataba, wakaandikishwa majina, na mkataba ulipokwisha wakarudishwa. Safari iliyokuwa na karatasi nyingi kuliko zote ndiyo hiyo tunayoisimulia kama safari huru. Leo ukivuka usiku kwa boti ya wavuvi kutoka Chiwindi, kwa Tanzania hujatoka na kwa Msumbiji hujaingia. Ukiumwa au ukiibiwa huko, huna hata pa kuanzia kujieleza.

Sasa la kufanya, haraka haraka. Anza na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, kisha pasipoti, shilingi 150,000. Hati ya dharura ni ya safari fupi, usihamie nayo. Kazi itangulie: Malawi, kibali cha ajira huombwa na mwajiri kabla hujafika; Afrika Kusini, viza ya kazi huombwa ukiwa nyumbani, kwa kawaida huwezi kuingia kama mgeni ukaigeuza ukiwa huko. Mwenye mtaji Malawi aombe kibali cha biashara na ukaaji. Msumbiji, ukishapata ruhusa ya kuishi utahitaji kitambulisho cha mgeni kiitwacho DIRE, na vyeti vyako vitafsiriwe Kireno na mtafsiri anayetambulika. Watoto nao watasoma Kireno, waanze kujifunza kabla. Chukua cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Kadi ya homa ya manjano iliyoandikwa miaka 10 sasa ni ya maisha, usilipie nyingine. Kadi yako ya bima ya hapa haitakutibu Lilongwe. Usibadili akiba yote kuwa kwacha. Novemba 2023 thamani yake ilishushwa, na bei ya dola kwa kwacha ikapanda asilimia 44 kwa siku moja. Usichukue uraia wa huko bila kuuliza, kwa sababu mtu mzima anayefanya hivyo hupoteza wa Tanzania. Tuna balozi Lilongwe, Maputo na Pretoria: jiandikishe ukifika.

Na kama dalali ameshaondoka na pasi yako, nenda polisi na Uhamiaji leo, kabla haijagongwa.