Kusahihisha kauli isiyo ya kweli kwa Kiingereza bila kumvunjia mtu heshima

KATIKA mazungumzo ya kazini mjini London au New York, si ajabu kumsikia mtu mwenye elimu yake akitamka kwa uhakika kwamba Mlima Kilimanjaro uko Kenya.

Mtanzania aliyepo mezani hapo hujikuta njia panda. Akinyamaza, kauli hiyo inapita mbele yake kana kwamba ameiafiki. Akijibu kwa kutafsiri neno kwa neno kile ambacho angekisema kwa Kiswahili, huenda akaonekana mgomvi katika jambo ambalo haki yote ilikuwa upande wake.

Tatizo hilo haliwahusu wasafiri pekee. Katika benki, hoteli, vyuo vikuu na ofisi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, Kiingereza ndicho lugha ya vikao na barua pepe. Humo pia hutamkwa tarehe zisizo sahihi, hesabu zisizo sahihi na habari za watu zisizo na ukweli, na anayezijua hulazimika kuamua kama atasema na atasema vipi.

Wahenga walinena kwamba uso umeumbwa na haya. Mwanasosholojia Erving Goffman aliitumia picha hiyo hiyo ya uso katika makala yake ya mwaka 1955, akieleza kuwa kila aingiaye katika mazungumzo huleta heshima yake mbele za watu, na wenzake hutarajiwa kumsaidia kuilinda. Penelope Brown na Stephen Levinson waliendeleza hoja hiyo mwaka 1978, wakaonyesha kuwa kupinga na kusahihisha ni miongoni mwa matendo yanayoutishia uso huo, na kwamba lugha mbalimbali zina njia zake za kupunguza makali.

Kiingereza nacho kina njia zake. Anayezijua husema kweli na kubaki na rafiki.

Kosa si uongo

Jambo la kwanza ni kutenganisha kosa na uongo. Mitaani kwetu, mtu akisimuliwa jambo la kustaajabisha husema "acha uongo wewe", na msimulizi hucheka na kuendelea. Hakuna aliyetukanwa. Ni mshangao tu.

Maneno hayo yakihamishiwa katika Kiingereza kuwa "You are lying", hubadilika sura. Kwa msikilizaji Mwingereza, kitenzi hicho hubeba shutuma ya kusudi: kwamba msemaji anaujua ukweli na ameamua kuuficha. Anayetaka kuonyesha mshangao huambiwa atumie "Really?" au "You're joking", na anayetaka kusahihisha hana budi kutafuta njia nyingine kabisa.

Uzito wa neno hilo huonekana katika Bunge la Uingereza, ambako mbunge haruhusiwi kumwita mwenzake mwongo. Mwaka 1906 Winston Churchill, akizungumzia vibarua wa Kichina nchini Afrika Kusini, alitumia maneno "terminological inexactitude", yaani kukosa usahihi wa istilahi, na tangu hapo maneno hayo yamekuwa mzaha wa kulitaja jambo bila kulitaja.

Julai 22, 2021, mbunge Dawn Butler aliamriwa kutoka ukumbini baada ya kukataa kufuta kauli yake kwamba Waziri Mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, alikuwa amelidanganya Bunge na nchi. Kanuni iliyomtoa nje haikujishughulisha na ukweli wa alichokisema. Ilijishughulisha na neno alilolitumia.

Katika maisha ya kila siku kanuni ni hiyo hiyo, ingawa hakuna Spika. Kosa hubebeshwa kauli, halibebeshwi mtu. "You are wrong" humlenga msemaji. "That's not quite right" hulenga kilichosemwa, na neno "quite" hulainisha zaidi, kana kwamba kilichokosekana ni kidogo tu. Laini kuliko zote ni "I think there may be a mix-up", maana hapo mkosaji hayupo. Kuna mkanganyiko tu uliotokea.

Ukimya, kisha "Well"

Jambo la pili ni mpangilio wa jibu. Mwaka 1977 watafiti Emanuel Schegloff, Gail Jefferson na Harvey Sacks walionyesha kuwa katika mazungumzo ya Kiingereza watu hupendelea msemaji ajisahihishe mwenyewe. Msikilizaji aliyeona kosa mara nyingi huchelewa kidogo, na ule ukimya mfupi humpa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma kabla hajarudishwa.

Anita Pomerantz, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, alieleza kuwa kukubaliana huja haraka na kwa maneno machache, ilhali kupinga huja kwa kuchelewa na kutanguliwa na maneno ya kupunguza mshindo. Neno maarufu kati ya hayo ni "Well". Mwingereza akinyamaza kidogo, kisha akaanza na "Well", aliyezoea lugha hiyo anajua tayari kwamba jibu si ndiyo.

Hapa wageni wengi huteleza mara mbili. Hupinga upesi mno wakaonekana wakali, au huambiwa "Well, perhaps" wakadhani wamekubaliwa, kumbe wamekataliwa kwa adabu.

Yapo maneno mengine ambayo maana yake ya kamusi haimsaidii mgeni. "I'm afraid" mwanzoni mwa sentensi haina woga wowote. Ni ishara kwamba habari inayofuata haitampendeza msikilizaji. Anayesema "I'm afraid the meeting was on Tuesday" anasahihisha siku ya kikao. "With respect", ambayo kwa sura yake ni heshima, mara nyingi hutangulia upinzani mkali. "Actually" husahihisha, lakini ikiwekwa mwanzoni na kutamkwa kwa mkazo huweza kusikika kama mwalimu anayemkosoa mwanafunzi. "I think you'll find", licha ya upole wake wa nje, hubeba dharau, na heri kuiepuka.

Mbinu nyingine ni kurudisha kitenzi katika wakati uliopita. "I thought it was in Tanzania" haimaanishi kwamba msemaji aliwahi kufikiri hivyo kisha akaacha. Wakati uliopita huweka umbali kati yake na hoja, ili mwenzake asijihisi kusukumwa ukutani. "I was under the impression that" hufanya kazi hiyo hiyo katika barua na vikao rasmi.

Kwa hiyo, kwa aliyesema Kilimanjaro uko Kenya, jibu linaloweza kusahihisha bila kuudhi ni hili: "Isn't it in Tanzania, actually? I know a lot of the famous photographs are taken from the Kenyan side."

Sentensi ya kwanza inakuja kwa sura ya swali, na "actually" imewekwa mwishoni ambako haina makali. Sentensi ya pili inampa mkosaji mlango wa kutokea, na ni mlango wa kweli: picha nyingi za tembo wakiwa mbele ya kilele chenye theluji hupigwa katika Hifadhi ya Amboseli, nchini Kenya. Kosa lake linapata sababu inayoeleweka, naye anaweza kulikiri bila aibu.

Mtego wa ndiyo na hapana

Jambo la tatu ni dogo kwa sura lakini huharibu mengi. Kiswahili na Kiingereza hutofautiana katika kujibu kauli ya kukanusha.

Mhasibu akiambiwa kwa Kiswahili "Hamjalipa ankara ya mwezi uliopita", naye anajua kwamba wamelipa, atajibu: "Hapana, tumelipa." Neno "hapana" linaikataa kauli ya mwenzake. Kama kweli hawajalipa, atajibu: "Ndiyo, hatujalipa", akiithibitisha kauli hiyo.

Kiingereza hakifuati kauli ya msemaji. Kinafuata hali yenyewe ilivyo. Aliyelipa hujibu "Yes, we have", na asiyelipa hujibu "No, we haven't". Matokeo yake, anayetafsiri moja kwa moja na kusema "No" peke yake, akidhani amekanusha deni, huwa amelikiri. Katika simu ya kibiashara, neno hilo moja linaweza kuzaa mgogoro wa wiki nzima.

Kinga yake ni rahisi. Jibu lisiishie kwenye neno moja. "Oh, but we have paid, and I can send you the receipt" haliachi shaka, hata kama "Yes" na "No" zimesahaulika. Mkazo wa sauti huwekwa juu ya "have", kwa kuwa katika Kiingereza kitenzi kisaidizi kinachotamkwa kwa nguvu ndicho kinachobeba upinzani. Bila mkazo huo, sentensi ile ile husikika kama taarifa ya kawaida.

Adabu inapogharimu maisha

Hata hivyo, upole una mpaka wake, na mpaka huo umewahi kulipiwa kwa roho za watu.

Januari 13, 1982, ndege ya shirika la Air Florida aina ya Boeing 737 ilikuwa ikikimbia kwenye njia ya kurukia mjini Washington, Marekani, huku theluji ikianguka. Vipimo vya injini vilikuwa vikionyesha nguvu kubwa kuliko iliyokuwapo, kwa sababu barafu ilikuwa imeziba vihisio vyake.

Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha, aliona kwamba mambo hayakuwa sawa, akasema hivyo. Rubani mkuu akamjibu kwamba yako sawa. Msaidizi akarudia kuwa hadhani kama ni sawa, kisha, sekunde chache baadaye, akalegeza na kusema pengine ni sawa. Safari haikusitishwa. Ndege iliruka kwa shida, ikagonga daraja na kutumbukia katika Mto Potomac. Watu 78 walipoteza maisha, wanne kati yao wakiwa darajani.

Wachunguzi walitaja sababu kadhaa, zikiwamo kutowashwa kwa mfumo wa kuzuia barafu katika injini na kuruka kwa ndege iliyokuwa na theluji katika mabawa. Miongoni mwazo ilikuwamo pia hatua ya rubani mkuu kutosimamisha safari mapema, pale alipoelezwa kuhusu vipimo hivyo.

Rubani msaidizi alikuwa amesema kweli. Alichokosa ni namna ya kuisema iliyomlazimu mkubwa wake kusimama. Tangu miaka hiyo mafunzo ya marubani yametilia mkazo ushirikiano ndani ya chumba cha rubani, na mdogo hufundishwa kupanda ngazi: kuuliza, kisha kueleza wasiwasi, kisha kudai hatua ichukuliwe.

Hospitali za Marekani zilifuata mkondo huo. Katika mafunzo yaliyozinduliwa mwaka 2006, wauguzi na madaktari hufundishwa sentensi tatu zinazopanda kwa uzito: "I am concerned", kisha "I am uncomfortable", na mwishowe "This is a safety issue". Hakuna tusi ndani yake, wala hakuna nafasi ya kutoelewa.

Kipimo kinachojitokeza hapo ni gharama ya kosa. Kosa kuhusu mlima huvumilia swali la upole. Kosa kuhusu dozi ya mtoto, breki za gari au jina la mtu anayesingiziwa wizi halivumilii. Hapo "No, that's not true" hutosha, ikifuatiwa na ushahidi.

Kunyamaza nako kuna bei yake. Tangu mwaka 1977, majaribio ya wanasaikolojia yameonyesha kuwa kauli inayorudiwa mara nyingi huanza kuonekana ya kweli, hata kama si ya kweli. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa kupambana na taarifa potofu uliotolewa mwaka 2020 na kundi la watafiti wa kimataifa unashauri kuanza na ukweli, kuitaja kauli potofu mara moja tu, kueleza ilipopotoka, na kumalizia kwa ukweli tena.

Msahihishaji naye hukosea

Jambo la mwisho linamhusu msahihishaji mwenyewe. Wapo wanaosahihisha habari ya Kilimanjaro kwa kuongeza kwamba mlima huo uko Tanzania kwa sababu Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani, siku ya kuzaliwa kwake.

Hadithi hiyo inapendeza, lakini nayo si kweli. Mpaka uliouacha mlima upande wa Wajerumani ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm hakuwa Kaisari hadi mwaka 1888.

Ndiyo maana maneno "as far as I know" hayapotezi chochote kwa anayeyatumia. Humwachia mwenzake heshima yake, na humwachia msemaji nafasi ya kurudi endapo itabainika kwamba aliyeteleza ni yeye.