Fahamu: Uraibu wa michezo ya kompyuta kwa vijana

Uraibu wa michezo ya kompyuta ni hali ambayo mchezaji hushindwa kujizuia, hutanguliza mchezo mbele ya masomo, usingizi na jamaa zake, na huendelea kucheza hata madhara yanapoonekana wazi. Shirika la Afya Duniani liliijumuisha katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022.

Nani huhesabiwa kuwa mraibu?

Kwa kawaida dalili hutakiwa kudumu miezi 12 na kuharibu mwenendo wa maisha, kwa hiyo kijana anayecheza sana wakati wa likizo si mgonjwa kwa sababu hiyo pekee. Wachezaji wanaofikia hatua hiyo ni wachache, jambo ambalo wazazi wenye hofu wanastahili kulijua.

Kwa nini mchezo hunasa?

Michezo mingi ya mtandaoni haina mwisho, na zawadi zake huja bila kutabirika, hivyo mchezaji hubaki akitarajia kwamba raundi ijayo ndiyo itakayomlipa. Masanduku ya bahati, yaani vifurushi vinavyonunuliwa kabla ya yaliyomo kujulikana, hukaribia kabisa kamari, na mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji iliamua kwamba baadhi yake yalivunja sheria ya kamari.

Serikali zimefanya nini?

China, mwaka 2021, iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa 1 tu ya kucheza mtandaoni, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.